Mjumbe Hauawi

Leo tungependa kuzungumza nanyi juu ya jambo ambalo labda hamkutazamia kulisikia katika kipindi hiki. Ni habari ya taa ndogo ya manjano, yenye picha ya injini, ambayo huwaka mbele ya macho ya dereva. Tena ni habari ya yale tuyafanyayo taa hiyo inapowaka na siku ya ukaguzi wa gari imekaribia.

Pengine mtu atauliza, "Mchungaji na injini, wapi na wapi?" Swali ni la haki. Lakini wengi wa wale tunaokutana nao kila juma hapa kisiwani hula kwa gari. Huyu ana tuktuk, yule ana matatu, mwingine hubeba mboga za Kongowea kwa Probox. Gari likikataliwa kwenye ukaguzi, watoto hulala na njaa. Kwa hiyo siku ya ukaguzi ikikaribia, hofu huingia, na hofu ni mshauri mbaya.

Hebu tufikiri kwanza juu ya mahali tunapoishi. Kisiwa cha Mombasa ni kidogo, na magari ni mengi. Huingia kwa njia ya Makupa, huingia kwa daraja la Nyali lililofunguliwa mwaka 1980, huingia kwa feri ya Likoni. Yakishaingia hujipanga Mwembe Tayari, barabara ya Digo, na barabara ya Moi penye pembe za ndovu, injini zikinguruma na magurudumu hayasogei. Katika Mji wa Kale hali ni nzito zaidi. Njia kama Ndia Kuu zilikuwapo kabla ya motokaa ya kwanza kufika pwani hii. Nyumba zinatazamana dirisha kwa dirisha, baraza kwa baraza. Tuktuk mbovu ikipita hapo, moshi wake hauna pa kwenda. Huingia dirishani ukamkuta mama jikoni, ukamkuta mzee barazani na kahawa yake, ukamkuta na mtoto mwenye pumu ambaye usiku kucha amekuwa akivuta pumzi kwa shida.

Na moshi huo si kitu cha kuchezea. Ndani yake mna hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu, iitwayo kaboni monoksidi, ambayo humzuia mtu kupata oksijeni katika damu yake. Mna mvuke wa petroli isiyoungua, na mna gesi za nitrojeni zinazochoma mapafu. Kuhusu dizeli, mwezi wa Juni mwaka 2012 wataalamu wa saratani wa Shirika la Afya Duniani walitangaza kwamba moshi wake unasababisha saratani kwa binadamu.

Basi, taa ile ya manjano inahusikaje na moshi huu?

Zamani magari yalikuwa na kabureta. Fundi aliinama, akaisikiliza injini kwa sikio, akazungusha bisibisi kidogo, akaridhika. Magari mengi ya sasa yanaongozwa na kompyuta ndogo, na kompyuta hiyo haina macho wala masikio yake yenyewe. Inategemea vihisi. Mafundi wetu huviita sensa, lakini si ile sensa ya kuhesabu watu! Kihisi kimoja hupima hewa inayoingia. Kingine hupima joto la maji ya injini. Kingine, ambacho ndicho mkubwa wao kwa habari ya moshi, hukaa katika bomba la moshi na kupima oksijeni iliyobaki baada ya petroli kuungua.

Kihisi hiki cha oksijeni kilianza kutumika katika magari mwaka 1976. Kampuni ya Bosch ya Ujerumani ilikitengeneza, na Volvo ya Uswidi ikakitia katika magari yaliyopelekwa Marekani. Kazi yake ni hii. Kilo moja ya petroli huhitaji karibu kilo 14.7 za hewa ili iungue vizuri. Petroli ikizidi, moshi huwa mchafu na pesa zako huteketea bure. Hewa ikizidi, injini hupata joto baya na hukosa nguvu. Kihisi hupeleka habari kwa kompyuta bila kuchoka, nayo kompyuta huongeza au kupunguza petroli.

Mbele kidogo katika bomba lilo hilo kuna chombo cha kusafishia moshi, ambacho mafundi hukiita katalitiki. Ndani yake mna kigae chenye vitundu vingi kama sega la asali, kilichopakwa madini ya thamani kubwa: platini, paladi na rodi. Moshi ukipita humo ungali moto, zile sumu tatu tulizozitaja hugeuzwa kuwa hewa zisizoumiza mapafu hivyo.

Chombo hiki hakikuweza kufaa kitu hapa kwetu siku zile petroli ilipokuwa na madini ya risasi, kwa maana risasi hukiua. Mwaka 2001 nchi za Afrika kusini mwa Sahara zilikutana Dakar zikakubaliana kuiacha, na kufikia mwanzo wa mwaka 2006 zilikuwa zimeiacha. Kisha Januari 2015 nchi tano za Afrika Mashariki zilianza kutumia dizeli yenye salfa kidogo zaidi, isiyozidi sehemu 50 katika kila milioni. Twaona basi kwamba serikali zilifanya kazi ya kusafisha mafuta. Sehemu iliyobaki iko chini ya boneti zetu.

Sasa, kihisi kikiona neno lisilo sawa, au kikiwa chenyewe kimeharibika, kompyuta huandika nambari katika kumbukumbu yake na kuwasha taa ya manjano. Tangu mwaka 1996 magari madogo yote mapya yaliyouzwa Marekani yalilazimika kuwa na mtindo mmoja wa nambari hizi, na nchi nyingine zikafuata. Magari mengi yanayoshuka Kilindini kutoka Japani, ambayo kwa kanuni zetu hayaruhusiwi kuingia yakiwa yamepita miaka 8, yana tundu la kusomea lenye pini 16, chini ya usukani. Fundi huchomeka mashine yake hapo na kusoma.

Nambari hizo ni maneno ya mjumbe. P0171 husema kwamba hewa imezidi au petroli imepungua. P0300 husema kwamba moto unakosekana katika silinda, yaani injini inamisi. P0128 husema kwamba maji ya injini hayapati joto la kutosha. P0420 husema kwamba katalitiki haisafishi moshi kama ipasavyo.

Wazee wetu walisema, mjumbe hauawi. Lakini angalieni tunavyomtenda mjumbe huyu.

Tuseme yuko dereva ambaye taa yake imewaka tangu juma la tatu lililopita, na keshokutwa ni ukaguzi. Anakwenda kwa kijana mwenye mashine, hana hata saa moja ya kusubiri. Kijana anachomeka, anabonyeza, taa inazimika. Dereva analipa kwa furaha. Je, kilichotengenezwa ni nini? Mpira uliopasuka ungali umepasuka. Plagi iliyochakaa ingali imechakaa. Kilichofutwa ni barua ya mjumbe tu. Baada ya siku moja au nne kompyuta itaona neno lile lile, nayo itaandika barua ile ile.

Wengine hukata njia ya mkato zaidi. Huichomoa balbu ya taa, au kuibandika utepe mweusi. Wengine, gari likichemka kwa joto letu la Mombasa, huitoa thamostati na kuitupa. Injini basi hukaa baridi kupita kiasi, kompyuta hudhani kwamba ndiyo kwanza imeamka, huzidisha petroli, na P0128 huonekana. Dereva hulalamika kwamba gari linakula mafuta, wala hajui kwamba rejeta yake iliyoziba ndiyo iliyotakiwa kusafishwa. Tena wako wanaotoboa katalitiki, wakauza yale madini ya ndani, na kulirudisha ganda tupu mahali pake. Ukilitazama kwa nje ni zima. Ndani hamna kitu.

Ndugu wasikilizaji, mkaguzi anapotia kifaa chake katika bomba la moshi, hasomi taa. Anasoma moshi wenyewe, na moshi haujui kudanganya. Katika majimbo mengi ya Marekani, wao husoma kompyuta. Huko pia aliyefuta nambari asubuhi hapiti, kwa kuwa kompyuta iliyofutwa huonyesha kwamba haijamaliza kujipima upya, naye huambiwa arudi siku nyingine.

Basi tufanyeje? Tumewauliza mafundi waaminifu, na haya ndiyo waliyotueleza.

Kwanza, usingoje juma la ukaguzi. Taa ikiwaka na kutulia, una nafasi ya kwenda kwa fundi kwa utaratibu. Lakini ikiwa inawaka na kuzima, inawaka na kuzima, punguza mwendo, simama mahali pa usalama. Hiyo ni alama ya injini inayomisi vibaya, na petroli isiyoungua inakwenda kuiunguza katalitiki. Plagi ni bei ndogo, katalitiki ni mshahara wa miezi.

Pili, nambari zisomwe na kuandikwa kwenye karatasi kabla ya kufutwa. Karatasi hiyo ikae nawe. Fundi akikataa kukuonyesha nambari, mtafute mwingine.

Tatu, kumbukeni kwamba nambari huonyesha mahali kilio kiliposikika. Aliyempiga mtoto huenda yuko chumba kingine. P0171 ikitokea, wengi hukimbilia kununua kihisi cha oksijeni, na hali kihisi kinasema kweli. Kosa ni mpira wa hewa uliopasuka, au chujio la petroli lililoziba, au kihisi cha hewa kilichojaa vumbi, ambacho huhitaji kupuliziwa dawa yake maalumu bila kuguswa kwa kidole. P0420 nayo haimaanishi kila mara kwamba katalitiki imekufa. Mara nyingine bomba linavuja karibu na kihisi, au injini imemisi muda mrefu. Tengeneza hayo kwanza.

Nne, sisi watu wa pwani tuna adui wetu wa pekee, nayo ni chumvi. Upepo wa bahari huingia katika vichwa vya nyaya na kufanya kutu ya kijani. Tena tunapoosha gari kwa maji ya nguvu, tukapiga maji ndani ya boneti, tunaisukuma chumvi hiyo ndani zaidi. Mara nyingi kihisi ni kizima na waya ndio mgonjwa. Fundi mwenye subira huuchomoa waya, akausafisha, akaukausha, akaupima, kabla ya kukutuma dukani.

Tano, utazame moshi wako mwenyewe asubuhi. Moshi mweusi ni petroli au dizeli iliyozidi. Moshi wa buluu ni oili inayoungua. Moshi mweupe usiokwisha hata injini ikipata moto huwa ni maji yanayoingia mahali pasipo pake.

Sita, baada ya kutengeneza, ndipo nambari zifutwe. Kisha gari liendeshwe siku kadhaa, ili kompyuta ijipime upya. Safari fupi za Kibokoni hadi Marikiti hazitoshi. Liwashwe likiwa baridi, livuke Makupa au Nyali, liende mwendo wa kutulia kwenye barabara iliyo wazi, lirudi mjini lisimame na kwenda katika msongamano. Nambari zisomwe tena. Zikiwa hazijarudi, nenda kwenye ukaguzi ukiwa na amani.

Labda mwasema, "Maneno mazuri, lakini pesa ziko wapi?" Twajua hali ilivyo. Twajua kwamba mwenye tuktuk hupeleka fungu kwa mwenye mali kila jioni kabla hajanunua unga. Ndiyo maana twasema tuanze na vilivyo rahisi: chujio la hewa, plagi, mipira, nyaya, kifuniko cha tangi la petroli kifungwe vizuri. Mara nyingi kosa huishia hapo. Na kama halikuishia hapo, angalau hujatupa pesa kwa kihisi ambacho hakikuwa na kosa. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Anayelipa kufutiwa taa mara tano amekwisha kulipa bei ya matengenezo, wala hajatengenezewa.

Kwenu ninyi mafundi, tuna neno la heshima. Kazi yenu ni kubwa kuliko mnavyodhani. Mtu anapowapa ufunguo wa gari lake, amewapa riziki ya nyumba yake, naye hana njia ya kujua mmefanya nini chini ya boneti. Akija na hofu ya ukaguzi akawasihi, "Izime tu, kijana wangu," ni rahisi kumtii na kupokea pesa. Tunawaomba mumweleze kweli kwa upole: "Mzee, naweza kuizima, lakini haitakusaidia. Nipe siku mbili." Huenda siku hiyo akaenda kwa mwingine. Lakini taa ikiwaka tena, atakumbuka ni nani aliyemwambia kweli, na atarudi na jirani zake.

Kwenu ninyi wenye vyombo mnaokaa nyumbani na kupokea hesabu jioni, tuna neno pia. Dereva akikuambia taa imewaka, usimwambie, "Endelea tu mpaka mwisho wa mwezi." Ukifanya hivyo umemfunga mikono, na lawama ya moshi ni yako pamoja naye.

Na kwenu mnaokagua magari ya watu, twasema hivi tu: cheti chenu husomwa na abiria asiyejua kitu cha injini, na kwa ajili yake hupanda bila hofu.

Sheria nayo inazidi kutukaribia. Magari ya abiria na ya biashara hukaguliwa kila mwaka. Mwaka 2014 zilitolewa kanuni za ubora wa hewa chini ya sheria yetu ya mazingira ya mwaka 1999, zikigusa na moshi wa magari. Mwaka 2025, NTSA, ile mamlaka ya uchukuzi na usalama iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2012, iliwapelekea wananchi rasimu ya kanuni za ukaguzi, iliyopendekeza kwamba hata magari ya watu binafsi yaliyopita miaka 4 tangu kutengenezwa yakaguliwe kila baada ya miaka 2. Lakini hata kama mkaguzi asingekuwapo, na hata kama barabara zote zingekuwa hazina polisi, yule mtoto wa Ndia Kuu angali anavuta pumzi. Yeye ndiye mkaguzi wetu wa kila siku. Hana kifaa wala cheti. Ana mapafu mawili tu.

Wapendwa, Mungu alimpa kila mtu taa yake ya ndani, nayo ni dhamiri. Hiyo pia huwaka bila kupiga kelele. Mtu aweza kuifunika kwa utepe mweusi kwa miaka mingi, akasafiri, akacheka, akapita mbele za watu akionekana mzima. Mficha maradhi, kilio humwumbua. Aliye na hekima husimama kandoni, akauliza, "Ni nini kimevunjika?" akakubali kungoja siku mbili na kulipa gharama yake.

Basi kesho asubuhi, kabla hujatia gea, itazame ile taa. Ikiwa imezimika kwa haki, shukuru. Ikiwa imewaka, usiikasirikie. Mpeleke mjumbe kwa fundi mwaminifu, usikilize ametumwa kusema nini.

Mungu awalinde barabarani na nyumbani mwenu. Hadi juma lijalo tukijaliwa, kwaherini.